Mjini lami, kilimani vumbi: Fedha za barabara zigawanywe vipi?

KILA Jumamosi asubuhi vilima vya kusini mwa Burundi hujaa watu wenye majembe. Wengine hubeba sururu, wengine vikapu vya mawe vichwani. Hizi ndizo kazi za pamoja, ibikorwa rusangi kwa Kirundi, na kwetu sehemu kubwa ya kazi hizo ni barabara: kufukia mashimo, kuzibua mitaro, kutupa mawe mahali ambapo gari lilizama wiki iliyopita. Hakuna anayelipwa. Jua likipanda watu hunawa miguu na kurudi nyumbani, na mvua ya kwanza ya usiku huuteremsha udongo wote ule hadi bondeni.

Shule ninayofundisha iko kando ya barabara ya namna hiyo, mwendo wa saa mbili na nusu kwa miguu kutoka kwenye lami, upande wa mpaka wa Tanzania. Nimeitazama kazi hiyo kwa miaka mingi, na swali linalonisumbua ni la hesabu zaidi kuliko la siasa. Mtu mzima anayetoa saa tatu kila Jumamosi, kwa Jumamosi 50, ametoa saa 150 kwa mwaka. Ukizigawa kwa siku ya kazi ya saa nane, unapata karibu siku 19. Huyo ni mkulima asiye na gari wala pikipiki, naye ametoa siku 19 za mwaka kwa barabara. Mjini nako Jumamosi watu hufagia na kuzoa takataka, sikatai. Lakini sijapata kuona mkaazi wa mjini akiambiwa achimbe mwenyewe mtaro wa barabara ya lami inayopita mbele ya nyumba yake. Pale hupelekwa kampuni, na kampuni hulipwa kwa fedha za umma.

Basi fedha hizo hutoka wapi, na nani aliamua ziende wapi?

Mimi si mhandisi. Ni mwalimu wa Kiswahili na hesabu, nimerudi nchini mwaka 2009 pamoja na maelfu ya wenzangu wa kundi la 1972. Nilizaliwa na kusoma Mishamo, katika wilaya ya Mpanda ya wakati ule, na huko ndiko nilikojifunza somo langu la kwanza kuhusu barabara. Makazi yale yalipofunguliwa mwishoni mwa miaka ya 1970, barabara za vijiji zilichongwa kwa fedha za wafadhili, zimenyooka kama mistari ya daftari. Katikati ya miaka ya 1980 makazi yakakabidhiwa serikali, wafadhili wakaenda zao na greda zao. Nilipofika darasa la sita, mitaro ilikwisha kujaa mchanga na madaraja ya magogo yalikwisha kuoza. Mahindi tulikuwa nayo, tena mengi. Msimu wa mvua wanunuzi walikuwa hawafiki, ila mmoja mwenye lori bovu na moyo mgumu. Huyo mmoja ndiye aliyepanga bei, na baba zetu walikuwa wakiuza huku wamenyamaza.

Nilidhani habari hiyo nimeiacha ng'ambo. Nimeikuta hapa. Wengi wetu wa 1972 tulipofika tulikuta mashamba ya wazazi yana watu wengine, tukapewa viwanja katika vijiji vipya, na vijiji vipya mara nyingi huwekwa pale ardhi inapopatikana, si pale lami inapopita. Waliorudi baada yetu, wale wa mwaka 2012 kambi ya Mtabila ilipofungwa, na wale walioanza kurejea kuanzia mwaka 2017 kutoka Nyarugusu, Nduta na Mtendeli, hawakupata bahati zaidi ya hiyo.

Kilomita kumi za kwanza

Muulizeni mfanyabiashara yeyote wa mpakani, na wengi wenu mnaosoma gazeti hili ndio ninyi wenyewe. Ndizi, parachichi na mawese zinatoka shambani kwa kichwa au kwa baiskeli hadi barabarani. Kutoka pale zinasubiri Probox. Dereva wa Probox kwanza huuliza kama jana ilinyesha. Ikiwa ilinyesha, ama hasafiri, ama anataja nauli ambayo inamfanya mama mwenye mzigo afunge tena kanga yake na kukaa chini. Mzigo ukishafika kwenye lami, njia iliyobaki hadi Mugina na kuvuka kwenda Manyovu ni nyepesi. Wafanyabiashara wote niliozungumza nao wanasema jambo moja: kilomita kumi za kwanza ndizo zinazokula faida.

Jumuiya ya Afrika Mashariki, ambayo Burundi iliingia tarehe 1 Julai 2007, imefanya jambo la maana kwa wafanyabiashara wadogo. Imeweka cheti rahisi cha uasili wa bidhaa kwa mzigo usiozidi dola 2,000, ili mama mwenye magunia matano asihitaji wakala wa forodha. Cheti kile hupatikana mpakani. Lakini mtu wa kilima cha mbali, ambaye mzigo wake umelala njiani siku mbili na nusu ya parachichi zimeiva kupita kiasi, cheti hicho anakishika akiwa tayari amepata hasara. Tena tangu Januari 2024, Burundi ilipofunga mpaka wake wa nchi kavu na Rwanda, wengi waliozoea njia za kaskazini waligeukia upande huu wa Tanzania. Njia za vilima zilizokuwa zikibeba baiskeli chache zikaanza kubeba pikipiki na malori madogo, bila kuongezwa hata jiwe moja.

Sitaki kuzungumzia biashara peke yake. Mwaka 2006 serikali iliondoa malipo ya kujifungua na ya matibabu ya watoto walio chini ya miaka mitano katika vituo vya umma. Uamuzi huo uliokoa watu wengi. Hata hivyo, mzazi anayeshikwa na uchungu usiku wa mvua katika kilima chetu bado hubebwa kwa machela, ingobyi, na vijana wanne wanaopokezana mabegani, kwa kuwa gari la wagonjwa haliwezi kuvuka korongo. Matibabu ni ya bure. Barabara ndiyo inayotoza.

Tozo ya kila lita

Miaka ya 1980 serikali nyingi za Afrika zilikuwa zikijenga barabara kwa mkopo na kuziacha zife. Benki ya Dunia, katika ripoti yake ya maendeleo ya mwaka 1994, ilikadiria kwamba kwa muda wa miaka kumi Afrika ilikuwa imepata hasara ya dola bilioni 45 za kujenga upya barabara, hasara ambayo ingeepukwa kwa matengenezo ya dola bilioni 12 tu yaliyofanywa kwa wakati. Kutokana na hesabu kama hizo ndipo ilipokuja mifuko ya barabara. Mpango wake ni rahisi: kila anayetia mafuta katika chombo chake analipa kiasi fulani kwa lita, fedha hizo zinawekwa kando, wala haziingii katika kapu kubwa la hazina ambako hugombewa na kila wizara.

Tanzania ilifanya hivyo. Kenya ilifanya hivyo kwa sheria ya tozo ya mwaka 1993 na Bodi ya Barabara ya mwaka 1999. Congo ilianzisha mfuko wake, FONER, mwaka 2008. Burundi nayo ina wake, unaojulikana kwa kifupi cha Kifaransa, FRN.

Hapa niseme neno kidogo la pembeni. Sisi tuliosoma ng'ambo kwa Kiswahili tuliyajua maneno tozo, ruzuku na mgawo tangu darasani. Tulipofika nyumbani tukakuta sheria ya bajeti imeandikwa kwa Kifaransa, lugha ambayo kwetu ni kama ukuta. Mkulima anayejua Kirundi tu yuko nyuma ya ukuta huo huo. Kwa hiyo kila ninaposikia kwamba wananchi hawaulizi maswali kuhusu bajeti, huwa najiuliza wangeuliza kwa lugha gani.

Turudi kwenye lita. Tozo ya mafuta ina sifa ya kumfuata mtumiaji wa barabara. Lakini ina tabia mbili ambazo watu wa mpakani wanazijua vizuri kuliko wataalamu. Ya kwanza: mafuta yakikosekana vituoni, tozo nayo haikusanywi. Tangu mwaka 2021 Burundi imepita katika vipindi virefu vya uhaba, foleni za magari zikilala barabarani usiku na mchana. Katika siku hizo mfuko wa barabara ulikuwa nao unapiga foleni.

Ya pili inachekesha kidogo. Vituo vyetu vilipokauka, watu wa mpakani walinunua petroli ng'ambo, kwa madumu, upande wa Kigoma na upande wa Uvira. Sasa kumbukeni kwamba katika bajeti ya mwaka 2021/22 Tanzania iliongeza shilingi 100 katika kila lita ya petroli na dizeli, zikitengwa kwa ajili ya TARURA, yaani wakala wa barabara za vijijini na mijini. Dumu moja la lita 20 lililonunuliwa kwa bei ya kituo huko Tanzania liliacha shilingi 2,000 kwa barabara za vijiji vya Tanzania. Mrundi mwenye pikipiki, anayepita kila siku kwenye shimo la kilima chake, amechangia mtaro wa Buhigwe. Simlaumu Mtanzania hata kidogo. Kijiji chao kilipata fungu kwa sababu mtu fulani alikaa akaliandika katika sheria.

Majirani waligawanyaje?

Kwa miaka mingi mgawo wa Tanzania ulijulikana hata kwa wanafunzi wa sekondari: asilimia 70 ya mfuko kwa barabara kuu na za mikoa, asilimia 30 kwa barabara za wilaya na miji zilizokuwa chini ya halmashauri. Ukisikia haraka utasema huo ni mgawo mzuri. Lakini barabara kuu na za mikoa chini ya TANROADS, wakala ulioanza mwaka 2000, zilikuwa karibu kilomita 36,000. Mtandao ambao TARURA iliupokea ilipoanzishwa mwaka 2017 ulikuwa wa kilomita zaidi ya 108,000. Ndugu mmoja mwenye sehemu moja ya urefu alipata asilimia 70. Mwingine mwenye sehemu tatu alipata 30. Halmashauri zilikuwa zikilalamika miaka yote hiyo, wabunge wa vijijini nao hivyo hivyo, na zile shilingi 100 za mwaka 2021 zilikuwa jibu la malalamiko hayo.

Kuna jambo jingine watu hulipita bila kuliona. TARURA ni wakala wa vijijini na mijini kwa pamoja. Mtaa wa Dar es Salaam unaojaa maji na korongo la kijiji cha Kasulu vimo katika kapu moja. Kwa hiyo hata baada ya kupata fungu la ndugu mdogo, ndani ya fungu hilo mjini na shambani wanagombana tena. Anayesema tuige tu Tanzania na kila kitu kitakuwa sawa, hajafika huko ndani.

Kenya walikwenda kwa njia nyingine. Sheria yao ya barabara ya mwaka 2007 iliunda mamlaka tatu: moja ya barabara kuu, moja ya vijijini, moja ya mijini. Katika mgawo uliofuata, mamlaka ya barabara kuu ilipewa asilimia 40 ya tozo, ya vijijini 32, ya mijini 15, na kilichobaki kikaenda kwa mbuga za wanyama, bodi yenyewe na waziri. Ndani ya zile 32 za vijijini, asilimia 22 ziligawanywa sawa kwa sawa kwa kila jimbo la uchaguzi.

Sawa kwa sawa! Neno hilo linapendeza masikioni. Jimbo la Mathare mjini Nairobi unaweza kulivuka kwa miguu kabla chai yako haijapoa. Jimbo la North Horr, katika Marsabit, lina ukubwa wa kilomita za mraba zaidi ya 38,000, yaani ni kubwa kuliko Burundi nzima. Majimbo hayo mawili yakipata kiasi kile kile, je, ni haki? Na mwaka 2024, tozo ya Kenya ilipopandishwa kutoka shilingi 18 hadi 25 kwa lita, wabunge na magavana walivutana kuhusu fungu la shilingi bilioni 10.5: magavana wakisema barabara za kaunti ni zao, wabunge wakisema fedha ni za majimbo. Barabara zenyewe zilikuwa zinasubiri.

Hesabu ya ubaoni

Niliwahi kuwawekea wanafunzi wangu hesabu hii, na nawawekea wasomaji pia. Ni mfano wa ubaoni, si takwimu za komine yoyote.

Kuna faranga milioni 300 za kugawanya kwa komine mbili. Komine ya mjini ina watu 100,000 na barabara kilomita 50. Komine ya vilimani ina watu 100,000 vile vile, na barabara kilomita 250. Katika kila lita kumi za mafuta, tisa zinauzwa mjini.

Ukigawa kwa kufuata mafuta, mjini wanapata milioni 270, ambazo ni milioni 5.4 kwa kila kilomita. Vilimani wanapata milioni 30, yaani faranga 120,000 kwa kilomita, fedha ambazo hazitoshi hata kumlisha dereva wa greda. Ukigawa sawa kwa sawa kwa kila komine, au kwa idadi ya watu, kila upande unapata milioni 150: mjini milioni 3 kwa kilomita, vilimani 600,000. Ukigawa kwa urefu wa barabara, kila kilomita inapata milioni moja, na hapo vilimani wanashangilia.

Mwanafunzi mmoja, binti wa dereva, alinyoosha mkono akauliza kama kilomita ya lami inayopitwa na malori mia kwa siku inachakaa sawa na kilomita ya udongo inayopitwa na Probox tatu. Nilifurahi sana. Ndio ukweli kwamba kila mgawo unaoitwa wa haki una mtu wake. Anayetaka mafuta yawe kipimo ni mwenye magari. Anayetaka usawa wa komine ni mwenye komine ndogo. Anayetaka urefu ni sisi.

Na mjini wana hoja, lazima tuwape haki yao. Wenye magari ndio wanaolipa sehemu kubwa ya tozo. Barabara ya mjini inabeba pia mzigo wa kijijini, kwani mawese ya Nyanza-Lac hayaliwi yote Nyanza-Lac. Bujumbura imekaa chini ya milima, na mito inayoikata ikifurika inabomoa madaraja na nyumba. Mafuriko ya Februari 2014 yaliua makumi ya watu katika mitaa ya kaskazini. Barabara namba 3, ile inayofuata ziwa kuja huku kwetu, imeumizwa na maji ya Tanganyika yaliyopanda. Siku barabara hiyo ikikatika, hasara ya mkulima wa Makamba ni kubwa kuliko ya mwenye duka wa mjini. Kwa hiyo sisemi mjini wanyang'anywe. Greda ikiondolewa Bujumbura ikaletwa kwetu, mzigo wetu utakwama mbele tu badala ya kukwama nyuma.

Ninachosema ni kwamba barabara kubwa zina watu wengi wa kuzisemea. Zina wakopeshaji. Mwishoni mwa mwaka 2018 Benki ya Maendeleo ya Afrika ilipitisha mradi mmoja wa nchi mbili: kilomita 260 za Kabingo, Kasulu hadi Manyovu kwa upande wa Tanzania, na kilomita 45 za Rumonge hadi Gitaza kwa upande wa Burundi. Ni mradi mzuri, na kila mfanyabiashara wa mpakani anauona umuhimu wake. Lakini hakuna benki itakayokaa kikao kwa ajili ya kilomita tisa za kilima kimoja. Ikitokea mradi wa kilimo ukachonga barabara ya bondeni kwa ajili ya mpunga, tunashukuru. Mradi ukiisha, greda inaondoka na bango linabaki. Barabara ndogo haina pa kukimbilia isipokuwa mfuko wa taifa na komine, na mifuko ya namna hii kwa kawaida huzitazama kwanza barabara zilizoandikishwa katika orodha ya serikali. Isiyo katika orodha ni kama mtoto asiye na cheti cha kuzaliwa.

Kutoka 119 hadi 42

Kwa nini ninaandika sasa? Kwa sababu ramani imebadilika. Katika miaka ya mwisho ya Rais Nkurunziza serikali ilianza kutoa faranga milioni 500 kwa mwaka kwa kila komine, kwa ajili ya miradi yake. Komine zilikuwa 119, kwa hiyo jumla ilikuwa faranga bilioni 59.5. Ilikuwa ni mara ya kwanza kwa watu wengi wa vilimani kusikia fedha zinazotajwa kwa jina la komine yao. Lakini mgawo ulikuwa ule ule wa sawa kwa sawa: komine za Bujumbura mjini, Mukaza, Muha na Ntahangwa, zilihesabiwa moja moja kama komine ya mpakani yenye vilima vilivyotawanyika.

Kisha ukaja mpango mpya wa utawala. Baada ya uchaguzi wa mwaka 2025 mikoa 18 ikawa mitano na komine 119 zikawa 42. Makamba, Bururi, Rumonge na Rutana zikaingia katika mkoa mmoja wa Burunga. Sipingi kuunganisha. Ila tuone maana yake kwa barabara. Komine imekuwa kubwa, ofisi imekwenda mbali na vilima vingi. Mtu aliyekuwa akitembea saa mbili kufuata karatasi, huenda sasa atatembea saa tano au atafute pikipiki. Barabara za ndani ambazo zamani zilikuwa za komine tatu sasa ni za komine moja, na baraza moja ndilo litakaloamua ipi itangulie. Komine mpya ikipimwa kwa kipimo cha zamani cha sawa kwa sawa, komine yenye vilima themanini itakaa mstari mmoja na yenye mitaa ishirini. Na ndani ya komine mpya kuna mji mdogo wenye ofisi, soko na wakubwa, na kuna vilima vya pembeni. Ule ugomvi wa mjini na shambani sasa umeingia ndani ya kila komine.

Ningependa kuona kipimo kilichochanganywa: sehemu kwa urefu wa barabara, sehemu kwa idadi ya watu, sehemu kwa wingi wa magari, na sehemu iliyotengwa kwa vilima visivyofikika wakati wa mvua. Kipimo cha mwisho hakihitaji uchawi. Wataalamu wanacho tangu mwaka 2006: wanahesabu ni watu wangapi wa vijijini wanaoishi ndani ya kilomita mbili kutoka barabara inayopitika mwaka mzima. Mwalimu yeyote na chifu wa kilima wanaweza kuhesabu hivyo kwa siku moja. Mgawo huo uandikwe katika sheria kwa asilimia, kama majirani walivyofanya pamoja na makosa yao, kwa sababu asilimia mbaya iliyoandikwa unaweza kuipinga, lakini isiyoandikwa utaishika wapi? Tena ubandikwe ukutani kwa Kirundi na Kiswahili. Kule Tanzania tulizoea kuona mapato na matumizi kwenye mbao za matangazo za halmashauri. Si kila kilichobandikwa kilikuwa kweli, lakini watu walisimama pale wakabishana.

Na zile Jumamosi? Kenya, katika mpango wao wa barabara za vijijini ulioanza mwaka 1974, walichonga maelfu ya kilomita kwa majembe na watu wa mahali pale, wakiwalipa. Barabara ikiisha, walimchagua mtu mmoja anayeishi jirani nayo, wakampa kipande cha kilomita moja au mbili na ujira mdogo wa kila mwezi, kazi yake kuzibua mtaro na makalavati kabla maji hayajavuka barabara. Maji ndiyo adui wa barabara ya udongo, si gari. Mtaro ukiwa wazi, udongo wetu mwekundu unavumilia. Ukiziba kwa wiki mbili za mvua, unahitaji greda na mamilioni. Mtu mmoja mwenye koleo, anayelipwa na anayejulikana kwa jina, ana faida kuliko watu mia wanaokuja Jumamosi bila kujua maji yanapita wapi. Nina hakika kila kilima kina mjane au kijana aliyerudi juzi kutoka kambini bila shamba ambaye kazi hiyo ingemfaa.

Mwaka huu nimelifanya jambo hili kuwa zoezi la darasa. Wanafunzi wa darasa la sita walitembea barabara yetu kutoka shuleni hadi kwenye lami, wakapima kwa hatua, wakaandika kila mahali maji yanapovuka, kila kalavati lililoziba, kila kaya iliyo pembeni, na siku za mwezi Aprili ambazo hakuna gari lililopita. Wameandika kwa Kirundi na Kiswahili, na mmoja amechora ramani kwa kalamu ya rangi. Ofisini niliambiwa kwamba barabara hiyo haimo katika orodha, na kwamba ombi liletwe kwa maandishi. Maandishi yapo. Daftari liko mezani kwangu shuleni, lina kurasa 31, na mjumbe yeyote wa baraza la komine anayelitaka anaweza kulifuata kabla ya mvua za Septemba, wakati bado pikipiki inafika.